Mpaka Uwele Upurwe

Jumapili, 24 Novemba

Tumefika Gulwe. Naandika kwenye daftari la kwaya la mume wangu, Zablon, nikianzia ukurasa wa mwisho kurudi nyuma, kwa sababu huku mbele kuna nyimbo zake na sitaki kuzichafua kwa manung'uniko yangu. Na ninayo mengi, Mungu anajua.

Mwezi wa nane mume wangu alianguka akiwa kazini Kizota, ameshika geti alilokuwa analichomelea. Kiharusi. Mguu wa kulia unaburuta, mkono wa kulia umerudi nusu, na sauti imekwenda. Huyu ndiye mwalimu wa kwaya yetu ya mtaa wa Kikuyu kule mjini, mtu wa sauti ya nne, ile besi nzito, akikohoa tu watoto wanakaa kimya. Sasa amebaki na neno moja: "Bado." Ukimuuliza amekunywa chai, bado. Amelala vizuri, bado. Nilimuuliza kama ananipenda, akaniangalia kwa machozi, akasema bado.

Akina mama wa kanisani walikuja kutuaga. Kila mmoja akanikumbusha kwamba katika mambo yote Mungu hufanya kazi pamoja na wale wampendao. Warumi nane, ishirini na nane. Nilitaka kumuuliza mmoja wao kama mumewe anaongea. Nikasema amina.

Binti yetu Nyemo tumemwacha kwa mama yake mdogo amalizie shule. Sisi tumekuja kwa mama mkwe wangu, Dorkasi, aliyetuma ujumbe mfupi tu: "Mleteni mwanangu." Nimeolewa miaka kumi na sita, na sidhani kama mama huyu ameshawahi kuniambia maneno mia moja. Nilimsalimu shikamoo, akajibu marahaba, akapita kwenda kumshika mwanawe.

Shemeji Petro, kaka mkubwa wa Zablon, hakusubiri hata tukae.

"Shemeji, tuseme ukweli. Huu si ugonjwa wa hospitali. Kuna mzee milimani huko, anawaweka watu mwaka mzima, wanarudi wazima. Mke tu ndiyo haruhusiwi kufika."

"Mwaka mzima? Bila mimi?"

"Ndiyo masharti."

Nikafungua mdomo kumjibu kama Mhehe ninavyojua kujibu, lakini Mama akatangulia. "Tutapanda, tutavuna, tutapura. Uwele ukishapurwa, kama hajasema, mchukue ndugu yako. Kabla ya hapo nisisikie."

Basi ndiyo hukumu. Nina msimu mmoja. Nimeamua kumsomea Zablon Biblia kila asubuhi mpaka Neno limfungue kinywa. Bwana, umesikia na wewe.

Jumanne, 26 Novemba

Leo nimeona mambo. Hakuna hata wingu, ardhi ni vumbi tupu, na Mama ametoka na jembe anapanda! Mbegu kwenye vumbi! Nikamwambia, "Mama, si tungoje mvua?" Akasema, "Mvua ikija, inikute nimeshamaliza." Mudrick, jirani yetu Mrangi mwenye mkokoteni wa punda, alinicheka mpaka akaegemea gurudumu. "Mama Nyemo, mjini mnapanda maua kwenye ndoo. Huku mtu anapanda kwanza, anaomba baadaye."

Nimepanda mistari minne. Mgongo umekataa wa tano.

Ijumaa, 29 Novemba

Joto. Hakuna wingu.

Jumatatu, 2 Desemba

Nimeanza somo rasmi. Namkalisha Zablon chini ya ukingo wa paa, nasoma mstari, halafu namwambia arudie. "Sema: Bwana." "Bado." "Bwa-na." "Bado." Nimefundisha Shule ya Jumapili miaka tisa, subira ninayo.

Kinachonishinda ni Mama. Anaimba. Akitwanga anaimba, akifagia anaimba, nyimbo za Kigogo ambazo mimi niliyezaliwa Kikuyu sielewi zaidi ya salamu ya mbukwa. Zablon akimsikia anageuza shingo yote huko, na mstari wangu unakufa hewani. Leo nikamwendea kwa adabu.

"Mama, samahani. Wakati ninamsomea, naomba kimya kidogo. Anapotea."

"Ni mume wako," akasema.

Jumatano, 4 Desemba

Mama haimbi tena hapa nyumbani. Kimya kizuri. Nimesoma sura tano.

Jumamosi, 14 Desemba

MVUA! Imeshuka saa tisa alasiri bila hodi. Watu wameshangilia kama treni ya kwanza imefika. Mama alisimama mlangoni akiwa amekunja mikono, anaangalia shamba lake alilokwisha kupanda, na majirani ndiyo kwanza wanatafuta majembe. Mimi nilisema kimoyomoyo: haya, umenishinda hapo.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Zablon amekataa kuingia kanisani. Alikaa nje kwenye jiwe, kwaya ikiimba ndani, na mkono wake wa kushoto ukipiga mapigo kwenye goti. Nilikaa naye. Nilikasirika na Mungu siku ya kuzaliwa mwanawe, na nimeandika ili isemwe kwamba sikuficha.

Jumatatu, 13 Januari

Siku ya kumi na tisa bila mvua. Uwele uliofika magotini umejikunja. Asubuhi nimepita mistari yangu minne nikiuomba msamaha.

Alhamisi, 16 Januari

Leo Zablon amenirushia kikombe.

Nilikuwa namwambia, "Sema: Bwana ndiye mchungaji wangu." Mara ya tano, ya sita. Alikuwa ameshaanza kutetemeka na sikuona, au niliona nikajifanya sijaona. Kikombe kikapita sikioni, kikapasuka ukutani. Halafu akalia, mwanaume wa miaka arobaini na minne, anasema bado, bado, bado, anajipiga kifuani.

Nimefunga Biblia. Nimeiweka juu ya kabati. Simfundishi mtu tena, na simwombi Mungu tena mpaka aniambie kosa letu ni nini.

Jumamosi, 18 Januari

Petro amepita. Amesema tu, "Shemeji, muda unakwenda." Nimempa maji akanywa, akaenda.

Jumanne, 21 Januari

Lazima niandike haya yote leo, hata kama mchuzi utaungua.

Asubuhi Mama aliteremsha kibuyu kutoka darini. Ni kile cha uwele wa kusaga, wa mwisho. Nilidhani tunakwenda mashineni. Kumbe anaelekea shambani. Nikamfuata mbio, nimemwacha Zablon na Mudrick.

"Mama, hicho ni chakula!"

"Kilichoota kimekufa. Narudishia."

"Na sisi tutakula nini?"

"Mlenda upo. Mboga zilizokaushwa zipo. Tutabana."

"Na mvua isipokuja?"

Akaanza kupanda. Anafukua, anatupia punje, anafukia kwa kisigino. Mimi nimesimama na kibuyu, kwa sababu alinishikisha. Na kila alipochota nikaona uso wake. Alikuwa analia. Mama Dorkasi, niliyemwona kwa miaka kumi na sita kama jiwe la kusagia, machozi yanatiririka mpaka kwenye kidevu na mkono unaendelea kutupia.

Hapo mstari ukaniingia ambao nimeusoma pengine mara mia: "Wapandao kwa machozi watavuna kwa kelele za furaha." Siku zote nilidhani mpanzi analia kwa huzuni zake nyingine, labda ana msiba. Sikuwahi kujiuliza kwa nini mtu alie akipanda. Analia kwa sababu mbegu ni chakula. Nyumbani wana njaa, naye anachukua ambacho wangekula jioni anakizika kwenye vumbi, bila hati, bila ahadi ya wingu hata moja. Na bado anazika.

Nikaweka kibuyu chini, nikavua kandambili, nikaanza mstari wa pili. Tulipanda mpaka jua likawa utosini. Nikamwambia kuhusu ile Zaburi. Akafuta uso kwa ncha ya khanga.

"Naijua. Baba yake Zablon aliitia kwenye wimbo wa kupura, kwa Kigogo. Tuliimba hapa kila mavuno."

"Niimbie basi."

"Wimbo wa kupura hauimbwi shamba likiwa tupu, mkwe. Ni kuita njaa. Ngoja wakati wake."

Nimemwomba radhi kwa yote niliyokuwa nikimfikiria. Akasema hata yeye alikuwa akinifikiria, tumetoka sare. Biblia imeshuka kabatini.

Ijumaa, 24 Januari

Mvua. Siku nzima. Nimelia kama mjinga.

Jumamosi, 8 Februari

Sifundishi tena, nasoma tu, kama ninavyojisomea. Leo ilikuwa Habakuki, sura ya pili. Nikafika: "Maana njozi hii bado ni kwa wakati ulioamriwa..."

Zablon akanyanyua kidole.

"Nini?"

Akaonyesha kitabu, akajionyesha mwenyewe. "Bado," akasema. Akaanza kucheka. Neno lake limo kwenye Biblia! Nabii analitumia! Nikasoma tena kwa sauti kubwa: "ijapokawia ingojee, kwa kuwa haina budi kuja, haitakawia." Tukacheka mpaka Mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Miezi sita sijamsikia mume wangu akicheka. Petro anaweza kuwa na mzee wake wa milimani, mimi nina Habakuki.

Jumatano, 19 Februari

Mto umejaa, barabara imekatika. Chumvi imekwisha. Tunakula mlenda usio na chumvi na tunamshukuru Mungu kwa meno.

Jumatano, 12 Machi

Ndege.

Alhamisi, 13 Machi

Ndege. Mudrick amemleta Zablon shambani kwa mkokoteni. Tumemkalisha kivulini chini ya dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, na kamba ya makopo mkono wa kushoto. Akivuta, shamba zima linapiga kelele.

Ijumaa, 14 Machi

Ndege. Mama anawapigia ukelele unaofika Kongwa. Mudrick anasema wale wakaidi waachiwe Mhehe, wakiniona mimi watadhani nimekuja kuwala. Utani huu kwamba Wahehe tunakula mbwa, na sasa ndege, nimeuzoea tangu utoto. Nimemjibu kwamba Mrangi mwenye punda mmoja asitaje habari za kula mbele ya punda wake, atamkimbia.

Nimeona jambo lakini sijalielewa: Mama anapiga kelele tu, haimbi. Wenzake mashamba ya pili wote wanaimba.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Zablon ameingia kanisani, amekaa kiti cha nyuma. Wakati wa nyimbo alifumba macho. Midomo ilitikisika, sauti hakuna.

Baada ya ibada Petro alitufuata. Hakuwa mkali leo, alikuwa amechoka.

"Shemeji, usinione adui. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni huyu alipokuwa mdogo. Nikimwona hivi silali. Nimeshaongea na yule mzee, tumekubaliana mwezi wa sita, tukishapura."

Miezi yote nimemwandika humu kama nyoka. Leo nimeona anamfunga mdogo wake kamba ya kiatu, amepiga magoti uwanjani na suti ya Pasaka. Anampenda. Kinachonitisha ni kwamba anampenda na bado atamchukua.

Jumamosi, 17 Mei

Tunavuna. Masuke marefu kama mkono wangu kutoka kiwiko. Mbegu ya machozi imezaa kuliko ile ya kwanza ingezaa, anasema Mama, na hajui kusifia ovyo. Mikono imechanika. Furaha na hofu vinakaa pamoja, maana kila suke ninalokata linatusogeza kwenye siku ya Petro.

Jumatatu, 9 Juni

Nyemo amefika likizo, amenipita urefu. Alimsalimu baba yake shikamoo. Akajibu bado. Mtoto akamkumbatia akasema, "Nitangoja, baba." Kesho tunapura.

Jumanne, 10 Juni

Tumepura leo.

Uwanja wa kupuria tulishausiliba kwa udongo tangu Jumamosi, mgumu na msafi. Walikuja wanawake tisa na fimbo zao, ndiyo desturi, leo kwangu kesho kwako. Zablon tulimweka kwenye kigoda ukingoni. Petro naye alikuja, na begi la mdogo wake alikuwa ameshalipanga yeye mwenyewe. Lilikuwa pale mlangoni. Nililiona begi lile kila nilipoinua fimbo.

Tukaanza kupiga, lakini hovyo. Kila mtu na mapigo yake, fimbo zinagongana. Mwanamke mmoja akamlalamikia Mama kwa Kigogo, na Nyemo, ambaye bibi yake alimfundisha tangu mdogo, akanitafsiria: "Anasema, Dorkasi, anzisha wimbo, uwele haupurwi kwa kimya."

Mama hakuanzisha. Alinigeukia mimi. Mbele ya wanawake wote wale, mwenye nyumba, mwenye shamba, mwenye umri wa miaka sabini na moja, akaniuliza:

"Mkwe, niimbe?"

Sikuelewa. Halafu nikaelewa. Desemba. Naomba kimya kidogo, anapotea. Nilimwomba nusu saa ya asubuhi, yeye akanipa miezi sita. Alipokuwa karibu na mwanawe hakuimba tena, wala jikoni, wala akifukuza ndege, kwa sababu mke wa mwanawe alisema. Na mimi nikaita kimya kizuri, nikaandika humu humu.

"Mama, imba," nikasema. "Nisamehe, imba."

Akaanzisha. Sauti nyembamba, ya juu, inapanda peke yake na kukatika ghafla kama mtu aliyeacha mlango wazi. Nyimbo zao ndivyo zilivyo, anayeanzisha hamalizi, wengine lazima wajibu. Wanawake wakajibu, fimbo zikaanguka pamoja. Mama akaita mara ya pili. Wakajibu. Akaita mara ya tatu.

Na chini ya sauti za wanawake ikaja sauti ya nne.

Nilidhani ni Petro. Nikamwangalia Petro, mdomo wake ulikuwa umefungwa, macho yamemtoka. Nikageuka. Zablon alikuwa amesimama, ameshika ukuta kwa mkono wa kushoto, na anaimba. Maneno! Si mlio, si bado, maneno mazima ya Kigogo yaliyotoka moja baada ya jingine, yale ya baba yake, na Nyemo ananishika bega ananipigia kelele sikioni: "Mama, anasema aliyekwenda akilia amerudi na miganda! Anasema miganda!"

Wanawake wakaanza kuacha fimbo. Mama akageuka kwa ukali ambao sijapata kuuona.

"Msiache! Mkiacha ataacha! Pigeni!"

Tukapiga. Sijui tumepiga muda gani. Mama anaita, mwanawe anajibu, kila wito anajibu, na machozi yao wote wawili yanaanguka kwenye nafaka na hakuna aliyeyafuta. Nilipiga kigelegele mpaka koo likaisha. Mudrick alisimamisha mkokoteni njiani, akavua kofia, akasema Allahu akbar, Allahu akbar, na punda wake akajiendea.

Wimbo ulipokwisha Zablon alikaa, anahema. Nilimkimbilia, nikamshika uso.

"Zablon, niite. Sema Hilda."

Alijaribu. Nikaona anatafuta. "Bado," akasema, na uso ukaanza kuanguka. Lakini Mama alikuwa ameshafika. Akaimba jina langu kwa ule ule mtindo, akaliacha wazi: "Hil—"

"—da," akaimba mume wangu. "Hil-da. Hil-da."

Petro aliingia ndani. Alipotoka alikuwa na begi. Akalifungua mbele yetu, akatoa mashati ya mdogo wake moja moja, akayaanika kwenye kamba ingawa yalikuwa makavu.

Ijumaa, 13 Juni

Tumekwenda kliniki Mpwapwa. Nesi hakushangaa. Anasema kwa wengine wimbo na maneno ya utotoni hubaki salama mahali ambapo kiharusi hakikufika, na kupitia hapo mtu anaweza kufundishwa kusema tena, taratibu. Imbeni naye kila siku, akasema.

Nimewaza njiani kurudi. Ule mstari wa Warumi niliouchukia una mwisho ambao akina mama walikuwa wanauacha: walioitwa kwa kusudi lake. Lake. Mimi nilikuja hapa na kusudi langu na ratiba yangu, nikaomba kwa bidii mlango ufunguke, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nimeuegemea. Mungu hakunifukuza. Alinipitisha kwenye shamba la mama mkwe, akanishikisha kibuyu, akangoja uwele uive. Sisemi kiharusi kilikuwa kizuri. Nasema hakikumshinda.

Jumapili, 15 Juni

Sikukuu ya mavuno. Tulipeleka debe la kwanza la uwele mbele, Mama amelibeba kichwani, mimi nimeshika mkono wa Zablon, Nyemo nyuma. Mchungaji alisema familia ina neno. Zablon akapanda pale mbele, mguu unaburuta, akamgeukia mama yake. Mama akaita. Yeye akajibu. Kisha kanisa zima likajibu, maana wimbo ule wanaujua tangu kwa baba yake, na mabati yakatikisika. Mimi niliimba Kigogo changu kibovu kwa sauti ya juu kuliko wote na hakuna aliyenicheka, isipokuwa binti yangu.

Nje, Petro alimkumbatia mdogo wake, hataki kumwachia.

"Sasa umepona kabisa, eeh?"

Zablon akafikiria. Akatazama mguu wake, akatazama mkono. Akatutazama sisi watatu, na magunia kwenye mkokoteni wa Mudrick. Akatabasamu upande mmoja.

"Bado," akasema.

Safari hii alimaanisha. Tukacheka wote, Petro zaidi, na Mama akaanza kuimba kabla hatujafika barabarani.